Rangi Nyekundu Chini ya Boliti

Nitegulie hiki, mjukuu wangu, kabla sijaanza. Ana kichwa na shingo ndefu, tumbo hana. Akiingia nyumbani kwake huzunguka, akitoka huzunguka, na siku akikataa kutoka wanaume wawili huvua mashati. Ni nani huyo?

Usinipe mji. Leo sina hamu ya kupokea mji wa mtu. Ni boliti. Kitendawili hicho nilikuwa nakipenda, nimewategea watoto wa mtaa mzima nao wakacheka, mpaka Jumamosi ile boliti moja, ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, ilipowavua wanangu adabu mbele yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya mtaa mzima. Asubuhi tulikwenda sote kuzibua mitaro, maduka yamefungwa, barabara kimya. Mchana Abdu, kitinda mimba wangu, akaisukuma pikipiki yake mpaka uani, akaisimamisha kati ya cherehani yangu na jiko la makaa lenye maharage. Nikamwambia, hapo utanipakia mafuta kwenye vitambaa vya watu. Akachutama kando ya injini. Alikuwa na hasira tangu wiki iliyotangulia, na hasira yake ilikuwa na haki.

Abdu ni motari, anabeba abiria. Pikipiki ilikuwa imeanza kumwaibisha. Hapa chini, tambarare ya kando ya ziwa, ilikwenda vizuri. Ukiielekeza Kanama na mtu nyuma, injini inalia, gurudumu haliendi, kama mzee anayekohoa bila kutema. Abiria wanashuka katikati ya mlima, wanapanda ya mwenzake, yeye anabaki anaangalia matako yao yakipotea kwenye kona. Akasema ni klachi, diski zake zimelika. Diski mpya alishazipata, zilikuwa kwenye mkeka wangu ndani ya karatasi yake. Lakini kuzifikia lazima uvue kifuniko cha ubavuni mwa injini, na kifuniko kile kimefungwa kwa boliti pande zote kama koti lenye vifungo. Zote zilitoka. Ikabaki moja, ya chini kwa nyuma, karibu na pa kukanyagia. Hiyo ndiyo iliyokataa.

Usidhani ni jambo dogo. Boliti ile ikikatikia ndani, kifuniko hakitoki bila kutobolewa, na akitoboa vibaya injini imekwisha. Na Abdu bila pikipiki ni Abdu wa zamani, yule aliyekuwa anabeba mifuko ya unga kwa mgongo pale mpakani, Grande Barrière, anarudi jioni shingo imeingia mabegani kama ya kobe. Alishaniambia mara moja tu, bila kupandisha sauti: "Mama, kule mi sirudi. Afadhali nihame huu muji." Na mwanangu akisema kitu bila kupandisha sauti, ujue ameshakifanya moyoni.

Aliyekuwa anamsaidia ni Jean de Dieu, motari mwenzake, jirani yetu wa ukuta. Sisi tunamwita Jado. Kazi yake ilikuwa kuishika pikipiki isianguke, ila mdomo wake hauna breki.

"Hiyo boliti imeoa humo ndani," akasema Jado. "Sasa iko na watoto."

"Shika pikipiki, nyamaza."

"Mi nashika. We ndiyo unavuta kama mutu anavuta ng'ombe kwa mukia."

Abdu akavuta sipana tena. Ikateleza, vidole vyake vikagonga chuma, ngozi ikabaki pale. Akavifuta damu kwenye suruali bila kuviangalia. Walikuwa wameshamwagia mafuta ya taa wakidhani ni kutu, wakangoja, wakagonga kwa nyundo taratibu, wakamwagia tena. Mashati yalikuwa yameshavuliwa. Boliti haikutikisika hata unywele mmoja, ila kichwa chake kilianza kulika pembe, kinageuka mviringo, na kichwa cha boliti kikishakuwa mviringo sipana haina pa kushika.

"Ongeza mafuta," akasema Jado.

"Imeshakunywa kuliko wewe siku ya harusi yako."

"Siku ya harusi yangu mi nilikunywa Fanta, uliza muke wangu."

"Muke wako ndiye alikubeba."

Nikamkasirikia Jado kwanza, maana ndiye aliyekuwa wa karibu kukasirikiwa. Nikamwambia kama amekuja kuchekesha aende kwa wenye ngoma, mwenzake hapa anatoka damu. Akasema, "Mama unisamehe," na akaendelea kutabasamu, nami nikazidi kukasirika. Ungeniona nakanyaga cherehani ungedhani ndiyo iliyokosa. Uzi ukanikatikia mara kwa mara.

Hapo ndipo Rayhana alipoingia.

Rayhana ni mtoto wangu wa kwanza, mwenye duka la vitenge, anavuka kwenda Goma na kurudi kama mwingine anavyovuka chumba kwenda jikoni. Alikuja kuchukua magauni ya wateja wake. Amefunga kilemba vizuri, viatu vyeupe, na uani kwangu siku ile kulikuwa na dimbwi la oili, basi akasimama mlangoni akiangalia pa kukanyaga.

"Bado tu?" akasema. "Toka mchana?"

"Salamu kwanza, dada," akasema Abdu, uso kwenye injini.

"Salamu. Bado tu?"

"Iko boliti moja inakataa."

"Boliti." Akalivuta neno lile kama mtu anayevuta unywele kwenye chakula. "Pikipiki nilikupa nzima, Abdu. Mpya, inanukia duka. Mutu anaendesha kama anafukuzwa na askari, halafu anasema boliti."

Abdu akanyamaza. Kwa Rayhana alikuwa ananyamaza siku zote, na lazima nikueleze kwa nini, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata.

Pikipiki ile alipewa na Rayhana. Uani hapa hapa, siku ya Idi ya mwaka juzi, ndugu wamekaa, pilau inapakuliwa. Rayhana akasimama akampa ufunguo kwa mikono miwili, akasema mbele ya watu wote, "Mdogo wangu, nimekupa ng'ombe." Wewe mjukuu wangu unajua maana yake. Kwetu huku mtu akikupa ng'ombe si kwamba amekupa maziwa. Amekufanya ndugu mara ya pili. Tangu siku hiyo unaapa kwa jina lake. Na yeye aliyetoa, akishatoa ametoa. Haji zizini kwako kupapasa kiwele. Ng'ombe wa siku hizi ana magurudumu, lakini neno ni lile lile.

Na Abdu aliapa. Shehe angemsikia angemkemea, maana Mwislamu anaapa kwa Mungu peke yake, lakini unyarwanda ulitangulia kwenye damu. Abiria akikataa bei: "Haki ya Rayhana aliyenipa ng'ombe, siwezi kupunguza." Jado akimtania: "Haki ya Rayhana aliyenipa ng'ombe, nitakupiga." Steshi nzima ya motari, kuanzia sokoni mpaka mpakani, wanalijua jina la dada yake kuliko wanavyolijua la kwangu niliyemzaa.

Basi Rayhana akaendelea kusema, Abdu akaendelea kunyamaza, na Jado, kwa sababu hakupata la kufanya na mikono yake, akachukua kitambaa akaanza kuisafisha ile boliti. Akafuta mafuta, akafuta tope, akachokoa pembeni kwa msumari. Halafu akainama karibu zaidi.

"Bon," akasema. "Abdu. Hii iko nini?"

"Wapi?"

"Hapa chini ya kichwa. Nyekundu."

Abdu akainama. Mimi pia nikaacha cherehani nikaja. Kweli, pale kichwa cha boliti kinapokalia kifuniko, ndani ya ufa, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyekundu, ile inayong'aa ya kupaka kucha. Juu ilikuwa imeshafutwa na matope ya Kanama, chini ikabaki.

Jado hakutabasamu tena. "Hiyo ni kashe," akasema.

Nikamuuliza kashe ndiyo nini. Akanieleza taratibu, bila kumwangalia mtu. Wenye pikipiki za kukodisha hawawaamini wanaowakodisha. Wanaogopa dereva atavuka nayo upande wa pili, afungue injini, auze vya ndani vizuri, atie vikuukuu. Basi mwenye mali anachagua boliti moja, anaifunga kwa kitu isifunguke, juu anapaka rangi. Moja inatosha, kwa sababu kifuniko hakitoki nusu. Dereva akijaribu, rangi inapasuka, na mwenyewe akija kuangalia anajua. Ni muhuri.

"Lakini hii si ya kukodi," akasema Abdu.

"Najua, sha."

"Hii mi nilipewa."

"Najua. Ndiyo maana nashangaa."

"Labda walitia dukani."

"Dukani hawapaki rangi ya kucha," akasema Jado.

Maharage yalikuwa yanachemka, kifuniko cha sufuria kinagonga. Hakuna aliyekwenda kukifunua. Abdu akainua uso pole pole akamwangalia dada yake, na mimi nikamwangalia. Rayhana alikuwa anaangalia viatu vyake vyeupe.

"Dada," akasema Abdu. "Ulitia nini humu?"

"Sasa mi nimekuwa makanika?"

"Sikuulizi umakanika. Nauliza ulitia nini."

"Mama, yale magauni yameisha? Wateja wananingoja."

Nikamwambia magauni hayajaisha, na hata kama yameisha hatoki nayo. Ajibu alichoulizwa. Akanigeukia na macho makavu.

"Na yeye ajibu basi. Cherehani yako ya pili iko wapi, Mama? Ile ya mkono. Mutu aniambie iko wapi."

Hapo alikanyaga palipo na kidonda. Miaka mingi iliyopita, Abdu akiwa kijana wa ndevu tatu, aliichukua cherehani yangu ya mkono akaivusha Goma akaiuza, akakaa huko mpaka alipoimaliza pesa yake. Alirudi, akapiga magoti hapa kwenye mlango, nikamsamehe. Nililia, nikamchapa, nikampikia. Yakaisha.

"Nilikuwa kijana," akasema Abdu. "Niliomba radhi."

"Radhi haishoni nguo."

"Niliomba kwa Mama. Cherehani ilikuwa ya Mama."

"Na pikipiki ilikuwa ya nani? Ilitoka jasho la nani? Mi navuka pale kila asubuhi, nasukumwa, naitwa majina, narudi na miguu imevimba, ndiyo nilinunua. Ningefanya nini, nifunge macho?"

"Ungeninyima," akasema Abdu. Sasa alisimama. "Ungesema, Abdu, mi sikuamini, hii ni yangu, endesha, jioni ulete. Ningeendesha. Wangapi wanaendesha za watu? Jado anaendesha ya mutu, amekufa? Lakini we ulisimama hapa mbele ya wajomba zangu ukasema umenipa ng'ombe. Mi naapa kwa jina lako barabarani kama mupumbavu, kumbe ng'ombe iko na kufuli."

"Mutu akitoa ng'ombe anatoa na kamba," akasema Jado kwa sauti ndogo. "Kufuli mi sijawahi kusikia."

"We nyamaza, haya si ya kwenu," akamwambia Rayhana.

Mimi nami, mjukuu wangu, hasira ilikuwa imenifika hapa kooni, na sikujua niitapike upande gani. Nikamwambia Rayhana cherehani ile ilikuwa yangu na msamaha ulikuwa wangu, nani alimpa ruhusa ya kuuchukua msamaha wangu na kuukunja kama kitambaa asichokipenda? Nikamwambia Abdu naye aache kupiga kelele, mwizi akishatubu haachi kuwa amewahi kuiba, avumilie. Nikawasema wote wawili, nikamsema na marehemu baba yao aliyewadekeza, Mungu amrehemu. Hakuna aliyenisikiliza. Nilikuwa kama redio kwenye nyumba isiyo na watu.

Jado ndiye aliyeturudisha kwenye boliti.

"Mi sitaki kuingia mambo ya familia," akasema. "Lakini boliti haijui familia. Iko hivi. Kama walitia kole, ile gundi, haitaki mafuta wala nyundo. Tunafuta haya mafuta ya taa yote, tunapasha chuma kwenye makaa, tunakigusisha hapa kidogo kidogo mpaka gundi ilegee. Kama walilehemu, moto hausaidii, tunakata kichwa. Na kama walilazimisha boliti nene kwenye tundu jembamba, ukipasha unaharibu kifuniko bure, ukivuta inakatika. Mi niliona mutu wa kule kwetu alipasha bila kujua, kifuniko kikapinda kama chapati. Donc, kila moja na dawa yake. Na kichwa kimebaki na pembe za kuvuta mara moja tu. Mutu aliyetia aseme, ni hivyo tu. Hatumufungi."

Tukamngoja Rayhana. Akaanza kuchuna nyuzi kwenye mkono wa gauni lake, nyuzi ambazo hazikuwepo.

"Rayhana," nikasema.

"Mi nachelewa, Mama."

"Dada, ulitia nini?"

"Tafuta fundi. Fundi atajua."

"Fundi atauliza hivyo hivyo," akasema Jado.

Nilimzaa mimi, namjua. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, nyuma ya meno. Lakini akilitoa, ndugu wote waliokula pilau siku ile watalisikia kabla ya jua kuzama. Na yeye ni Rayhana, aliyempa mdogo wake ng'ombe, hata wanawake wa sokoni wanampisha njia kwa ajili ya hilo. Kulisema jibu lile ni kusema kwamba siku ile alidanganya kwa mikono miwili. Akafunga mdomo, akainua kidevu, na kwa kidevu kile nikamwona baba yake mzima mzima, nikatamani kumpiga kofi na umri wake ule.

Abdu akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo.

"Shika," akasema. "Shika ng'ombe wako."

Rayhana hakunyoosha mkono. Abdu akauachia ufunguo pale pale, ukaanguka kwenye changarawe nyeusi kati ya viatu vyeupe, na hakuna aliyeuokota.

Halafu akaenda nyuma ya choo akarudi na kipande cha bomba la maji, kirefu kama mkono. Nilijua ni cha nini. Mtu akikivisha kwenye mkia wa sipana, nguvu yake inakuwa ya watu watatu. Boliti inayotaka kutoka itatoka. Isiyotaka itakatika.

"Abdu, reka, acha," akasema Jado. "Reka kabisa. Itavunjika."

"Ivunjike. Si yangu."

"Ikivunjika utaenda wapi Jumatatu?"

"Kwani sasa naenda wapi? Nitapanda juu ya nini, na jina la nani mudomoni?" Akaivisha sipana kwenye boliti, akaigonga kwa kiganja ikae. Akavisha bomba. "Shika pikipiki."

"Mi sishiki."

"Basi acha ianguke."

Jado akashika, afanye nini. Nikamwita Abdu kwa jina lake lote, jina la msikitini, ambalo sijamwita tangu alipotahiriwa. Hakugeuka. Akaweka mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, akashika bomba kwa mikono miwili, mgongo ukajaa kama ule wa siku za mifuko ya unga. Nikamwambia Rayhana, sikupiga kelele: utamrudisha mpakani kwa ajili ya kidevu chako? Akaniangalia. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

Abdu akavuta. Chuma kikalia, sauti nyembamba, ile ya mlango wa zamani. Pikipiki yote ikapanda upande na Jado akaing'ang'ania. Sipana ikasogea upana wa punje ya mchele, na haikuwa boliti iliyozunguka, ilikuwa pembe ya mwisho inalika.

"Acha," akasema Rayhana.

Abdu hakuacha.

"Abdu, acha. Utaikata." Akapita katikati ya dimbwi la oili na viatu vyake, akashika bomba kwa mikono yote miwili, karibu na mikono ya mdogo wake, akalisukuma lirudi nyuma. Wakabaki hivyo, wote wawili wameshika chuma kimoja, wanahema, nyuso karibu karibu.

"Ulitia nini?" akasema Abdu.

"Kole," akasema Rayhana. "Ile ya chuma, ya mirija miwili inayochanganywa. Hakuna fundi aliyetia. Nilitia mi mwenyewe, na rangi nikapaka mwenyewe, usiku wa kuamkia Idi, nikijua kesho nakupa."